Je, Mdudu ni Mdudu Tu?

Liko neno lisemwalo sana siku hizi, na walisemao si watu wa njiani tu, bali na walimu wenzetu pia, ya kwamba mtoto wa Mwakitolyo hana haja ya kufundishwa majina na makundi ya wadudu wakaao juu ya samaki. Wasema: "Bahari i mbali nasi. Hapa kwetu ni nchi ya mbuga, ng'ombe, pamba na dhahabu. Mdudu ni mdudu. Mfundisheni mtoto hesabu na kilimo, mwacheni Mlatini na majina yake." Wasemao hivi si wajinga wala si watu wabaya. Lakini neno lao ni baya, nami nataka kulipinga hapa kwa hoja, si kwa matusi, kisha wasomaji waamue wenyewe.

Kwanza natuwatazame wachimbaji wetu. Nani kati yao amesema hata siku moja ya kwamba jiwe ni jiwe tu? Mtu aliyekaa machimboni juma moja amekwisha kujua kutenga mbale na kifusi. Ajua marudio ni nini, na kwa nini watu huyanunua ingawa yamekwisha kusagwa na kuoshwa. Ajua tena ya kuwa kitu cha njano kinachong'aa ndani ya jiwe chaweza kuwa pairaiti, yaani chuma na kiberiti vilivyoshikamana, wala hapana mnunuzi atakayekitolea senti. Hata neno moja lina mipaka yake: mchimbaji akisema "mwalo" ana maana ya mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu, na mvuvi wa Mwanza akisema "mwalo" ana maana ya mahali pa kupakulia samaki. Asiyejua tofauti hiyo atapotea njia na mzigo wake kichwani. Watu waliofika kiasi hiki cha kutenga kitu na kitu, ni haki gani kuwaambia watoto wao ya kwamba katika viumbe hai hapana haja ya kutenga?

Sasa niwaeleze hao wadudu. Wataalamu huwaita kopepoda. Jina hili limetoka katika maneno mawili ya Kiyunani, la kwanza maana yake kasia, la pili mguu, kwa sababu wengi wao huogelea kwa miguu iliyo bapa kama makasia. Ni jamaa ya kaa, kamba na uduvi. Aina zao zijulikanazo zapita elfu kumi. Wengi huelea huru majini, wadogo kama chembe ya chumvi, nao ni chakula cha samaki wengi wadogo. Lakini maelfu ya aina zao wameacha kujitafutia riziki, wakawa wanyonyaji juu ya viumbe wengine. Caligus hutambaa juu ya ngozi ya samaki wa baharini na kula ute wake. Pennella hujichimbia katika nyama ya samaki wakubwa kama sulisuli, na aina yake moja hukaa juu ya nyangumi, ambapo jike lake laweza kufika urefu wa sentimeta 30. Ndiye mkubwa kupita kopepoda wote.

Na wale wasemao "bahari i mbali" wajue ya kuwa jamaa za hao wa baharini wamo katika Ziwa Victoria. Lamproglena monodi, aliyepewa jina lake mwaka 1944, hung'ang'ania katika matamvua ya sato na furu. Bwana Geoffrey Fryer, aliyefanya kazi Jinja katika shirika la utafiti wa samaki la Afrika Mashariki, aliandika habari za wanyonyaji hawa wa Ziwa Victoria mwaka 1961, na za Afrika nzima mwaka 1968. Basi sato anayeletwa gulioni kwetu kutoka Mwanza au Geita huenda amekuja na mgeni huyu mashavuni. Bahari i mbali, lakini jamaa ya wanyama wa baharini imefika jikoni.

Hoja yangu ya pili ni hii: jicho tupu hudanganya, na uainishaji ni dawa ya udanganyifu huo. Tazameni habari za Linnaeus, Mswidi ambaye kitabu chake cha mwaka 1758 ndicho kilichowekwa kuwa mwanzo wa kuhesabia majina ya wanyama wote. Mtu huyu alikuwa hodari kupita watu wa zamani zake, walakini alipomwona Lernaea, kopepoda ajichomekaye katika mwili wa samaki, alimweka katika fungu la minyoo. Na Pennella mmoja alimwita Pennatula filosa, akimdhania kuwa mwenzao wa wale wanyama wa baharini waliosimama mchangani kama manyoya ya ndege. Kwa nini alikosea? Kwa sababu jike la wadudu hawa likiisha kujichimbia katika samaki hupoteza umbo lake. Miguu haionekani, mwili hurefuka kama uzi, kichwa huota mizizi ndani ya nyama. Nani atakayesema ya kwamba huyu ni ndugu ya uduvi?

Jibu lilipatikana kwa kutazama watoto. Mwaka 1832 Alexander von Nordmann, mtaalamu wa Finland, alichapisha kitabu chake alimoonyesha kwa hadubini jinsi wanyonyaji hawa wanavyokua tangu yai. Mtoto atokaye ndani ya yai si mnyoo hata kidogo: ni kidude chenye jozi tatu za miguu, kinachoogelea, sawasawa na mtoto wa kopepoda aliye huru. Hupitia hatua moja baada ya nyingine kwa kujivua ganda. Dume la Lernaea likiisha kujamiiana hufa, na jike ndilo lijichomekalo katika samaki na kugeuka umbo. Ukimtazama mama peke yake utasema mnyoo, na ukimtazama mtoto utaijua kabila yake.

Hata mtoto huyo naye alikuwa amekwisha kuleta fujo ya majina. Katika karne ya kumi na nane Otto Friedrich Müller wa Denmark aliwaona watoto hawa wakielea, akawadhania kuwa wanyama wazima wa namna ya peke yao, akawapa jina la Nauplius. Hivyo mnyama mmoja akawa na majina mawili, moja la utotoni na moja la utu uzima, kana kwamba ni wawili. Siku hizi nauplius limebaki kuwa jina la hatua ya utoto tu. Basi asemaye leo "mdudu ni mdudu" hatuongezei busara. Anaturudisha nyuma ya mwaka 1832, tena pasipo juhudi ya wale waliokosea wakitafuta.

Nawageukia sasa wale walio tayari kufundisha, lakini hutafsiri ovyo. Waingereza, katika maneno yao ya kila siku, humwita Lernaea mnyoo wa nanga, na Caligus humwita chawa wa baharini. Ni majina ya kosa. Lernaea si mnyoo, na Caligus si chawa. Maana chawa ni mdudu wa miguu sita wa jamii ya wadudu wa nchi kavu, na Caligus ni jamaa ya kaa. Waingereza wameyazoea makosa yao, nao wanavyo vitabu vingi vya kuwasahihisha. Sisi tukitafsiri neno kwa neno tutakuwa tumelichukua kosa la watu na kulipandikiza katika lugha yetu, mahali ambapo vitabu vya kulisahihisha ni haba. Afadhali kukopa neno la kitaalamu na kulivika sauti za Kiswahili. Kukopa si aibu: kitabu, dawa na shule ni maneno ya kukopa, wala hapana ayaonaye leo kuwa ni mageni.

Wako watakaouliza, "Jina likikosewa, nani ataumia?" Swali ni la haki, nami nalijibu kwa mambo matatu.

La kwanza ni chakula. Mnunuzi gulioni akipasua dagaa na kukuta kitu cheupe kirefu tumboni, husema "mdudu." Akifunua shavu la sato na kukuta vijiti vidogo vyenye mikia miwili ya mayai, husema "mdudu." Akiona juu ya ngozi ya samaki kidude bapa cha mviringo kinachotambaa, husema "mdudu." Lakini wa kwanza ni Ligula, jamaa ya tegu, ambaye hukomaa ndani ya ndege wa majini, wa pili ni Lamproglena, kopepoda, wa tatu ni Argulus, wa kabila nyingine tena. Hakuna hata mmoja kati yao amdhuruye mtu aliyempika samaki wake vema. Kumbe iko minyoo mingine ya samaki, kama Anisakis wa baharini, iwezayo kumwuguza mtu alaye samaki mbichi. Asiyejua kutenga hufanya moja la mawili: hutupa kitoweo kizuri, au hula kwa hofu. Na mama mwuza dagaa hurudi nyumbani na ndoo yake haijauzwa kwa sababu ya neno moja.

La pili ni dawa. Siku hizi watu wengi wafuga sato katika vizimba ziwani. Samaki wakishikwa na mnyonyaji, mfugaji atafuta dawa. Akiambiwa "ni minyoo," atanunua prazikwanteli, ambayo ni dawa njema ya tegu na ya kichocho. Dawa hiyo haimwui Lernaea, kwa kuwa Lernaea si mnyoo. Fedha imekwenda, samaki wanakufa. Kinyume chake, ziko dawa za kuwaua jamaa ya kaa zizuiazo kujivua ganda. Na hizo zikimwagwa ziwani pasipo kipimo huwaua na kopepoda walio huru, ambao ndio chakula cha dagaa. Basi jina likikosewa, mfugaji huumia, na jina likijulikana nusu tu, ziwa zima laweza kuumia.

La tatu ni uhai wa watu, nalo ndilo kubwa. Wako kopepoda wa visimani na madimbwini waitwao saiklopu. Mwaka 1870 Mrusi Aleksei Fedchenko aligundua ya kuwa mnyoo wa Guinea, yule mrefu atokaye mguuni mwa mtu kwa maumivu makali, hupita kwanza ndani ya saiklopu; mtu hunywa maji yenye saiklopu, naye mnyoo huingia. Hakuna chanjo ya ugonjwa huu wala dawa ya kumwua mnyoo. Lakini kwa kuwa kopepoda alijulikana, watu walifundishwa kuchuja maji kwa kitambaa, na wagonjwa wakakatazwa kuingia visimani. Mwaka 1986 wagonjwa walikisiwa kuwa milioni tatu na nusu. Mwaka 2023 walihesabiwa 14 tu duniani. Uganda ilithibitishwa kuwa imeokoka mwaka 2009, na Kenya mwaka 2018. Je, ushindi huu ulipatikana kwa kusema "mdudu ni mdudu"? Ulipatikana kwa kumtenga mdudu mmoja na mwingine, na kujua yupi abebaye na yupi abebwaye.

Nayajibu sasa maneno ya wale wasemao ya kwamba majina haya ni ya Wazungu. Kilatini si lugha ya nyumbani ya taifa lolote leo: hapana apendelewaye. Tena sheria ya kimataifa ya kuwapa wanyama majina haikatazi lugha yo yote. Yasema wazi ya kwamba jina laweza kutoka katika lugha yo yote ya dunia, mradi liandikwe kwa herufi za Kilatini. Na hayo si maneno matupu. Mwaka 1985 samaki mmoja wa Ziwa Victoria, furu wa upande wa Mwanza, aliitwa nyererei kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Mwaka 1998 furu huyo na wenzake waliwekwa katika jenasi mpya iitwayo Pundamilia, neno letu lenyewe, kwa ajili ya milia yao. Na mwaka huo huo ikatolewa jenasi ya Mbipia, kwa jina la mbipi walilolitumia wavuvi wa huko huko ziwani. Mwaka 2005 kima wa milima ya kusini mwa Tanzania alitangazwa kwa jina alilopewa na wenyeji: kipunji. Basi mlango u wazi. Kama majina yetu ni machache katika orodha ya kopepoda, sababu si sheria. Sababu ni kwamba sisi hatujaingia kazini.

Nao wasemao ya kuwa sheria hizo ni za mashaka tu, watazame haki iliyomo ndani yake. Mwaka 1891 Franz Stuhlmann, aliyesafiri na Emin Pasha mpaka ziwa letu, alitoa habari za mnyonyaji mmoja aliyemwona juu ya viluwiluwi vya vyura, akamwita Gyropeltis ranarum, yaani wa vyura. Baadaye ikaonekana ya kuwa jenasi hiyo ilikwisha kupewa jina la Dolops mwaka 1837, na jina la Gyropeltis lilikuja mwaka 1857. Aliyetangulia ndiye mwenye haki, Gyropeltis likaachwa. Kisha ikajulikana ya kuwa mdudu huyo hukaa hasa juu ya samaki. Je, jina "wa vyura" likafutwa? La. Liliachwa vile vile, Dolops ranarum, kwa sababu jina likigeuzwa kila mtu apatapo habari mpya, hapana atakayeelewana na mwenziwe. Mtu aitwaye Masika hageuzwi jina kwa kuwa mwaka huo mvua zilichelewa.

Najua wapinzani wangu wana hoja moja yenye nguvu, nami siwezi kuipita kimya. Wasema, "Wataalamu wenyewe hawakai mahali pamoja. Leo wasema hivi, kesho vile." Ni kweli. Argulus na Dolops walihesabiwa zamani kuwa kopepoda, kisha wakatengwa. Mwaka 1972 K. G. Wingstrand alipolinganisha mbegu za kiume za Argulus na za mnyonyaji mmoja wa mapafu ya mijusi, wa kabila iliyodhaniwa tangu kale kuwa ya minyoo, na ambayo wengine wao hukaa katika mapafu ya mamba, aliona zafanana mno. Mwaka 1989 uchunguzi wa chembe za urithi ukathibitisha udugu huo. Hivyo yule wa ngozi ya samaki na yule wa pafu la mamba ni jamaa. Lakini natuulizane: je, hakimu akigeuza hukumu kwa sababu shahidi mpya amekuja, twasema mahakama ni ya uongo? Uainishaji ungekuwa wa kushukiwa kama ungegeuka pasipo ushahidi, au kama ungekataa kugeuka ushahidi ukija. Nao haukufanya lo lote katika hayo.

Jambo moja nawapa wapinzani wangu, kwa kuwa ni haki yao. Kumkalisha mtoto darasani akariri majina hamsini ya Kilatini asiyojua maana yake, kisha kumpiga fimbo akilisahau moja, ni kupoteza wakati na kumchukiza elimu. Mimi nalikataa hilo kama wao. Lakini dawa ya kufundisha vibaya ni kufundisha vema, si kuacha kufundisha.

Na kufundisha vema hakuhitaji fedha nyingi. Mwalimu na anunue sato mmoja gulioni kabla hajatolewa matamvua. Awape watoto kioo cha kukuzia, sindano na sahani ya maji. Wafunue matamvua, watafute, wahesabu miguu, watazame mikia ya mayai. Mtoto aandike katika daftari yake mambo manne: alichokiona, mahali alipokiona, jina la samaki kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, na jina la kitaalamu kama alijua. Kama halijui, asibuni. Aandike "sijui," na hilo nalo ni elimu. Katika shule zetu za msingi mtoto husoma kwa Kiswahili, na akivuka kwenda sekondari masomo mengi hugeuka Kiingereza. Maneno yote hubadilika siku moja, lakini Lamproglena hubaki Lamproglena. Hilo ni daraja alivukalo pasipo kulowa.

Watoto wa Mwakitolyo wamezaliwa kwa watu ambao riziki yao yote hutegemea kutenga chenye thamani na kisicho na thamani ndani ya udongo wa rangi moja. Akili hiyo wanayo tayari. Kinachotakiwa ni mwalimu asiyewaambia ya kwamba yafaa kwa mawe tu. Basi, enyi walimu wenzangu, mwenye hoja ya kunipinga na ailete, nami nitaisoma kwa heshima. Lakini kabla hajaandika, na afunue kwanza mashavu ya samaki mmoja akatazame.